Laini Iliyosemwa Imekufa

Bondeni, 2 Machi

Kwa mpwa wangu, Bibi Swichi,

Unasoma maneno ya mtu aliyeibeba nchi nzima mgongoni. Jumanne iliyopita, gridi yenu ya taifa ilipozirai na kila mji ukawa mweusi kama tako la chungu, ni mimi niliyefungulia maji, nikausukuma umeme kwenye nyaya, taifa likafumbua macho. Wakubwa wenu wanalijua hilo, ila wanaona haya kumshukuru mzee aliyeishia darasa la nne.

Haya, nimetia chumvi. Nimemwaga gunia zima. Nilichobeba ni taa thelathini na saba, friji ya zahanati na mashine ya kinyozi. Lakini viliwaka, Bibi Swichi! Saa nane mchana nchi nzima imelala chali, na hapa kinyozi ananyoa mtu huku anaimba, tena anaimba vibaya kama kawaida yake.

Wewe uliyekalia kiti kinachozunguka umesahau hali yetu. Kabla ya kutuunganisha, mtambo wangu wa maji ulikuwa mdogo lakini haukuwa na bosi. Mto unashuka, bomba linakohoa, jenereta inazunguka, watu wanaona. Mwaka jana mkaja na nguzo zenu, mkapitisha laini juu ya vilima, mkasema sasa umeme wangu utaingia kwenye gridi na wa gridi utaingia kwangu, tumeoana. Mkanigongomelea lile sanduku la kijivu ukutani. Hamkuniambia kwamba katika ndoa hii bibi akizirai, bwana naye lazima ajilaze chini. Gridi ikikatika, sanduku linasema "tak!", mtambo wangu unatengwa, na maji yanapita bure yakinicheka. Watu wakaanza kuniita Mzee Zima. Mimi! Nesi wa zahanati amezitupa chanjo mara mbili kwa sababu friji ilipata joto. Mara ya kwanza alifoka. Mara ya pili alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Basi safari hii hatukuzimika. Usiniulize nilifanyaje. Fundi ni kama mpishi, hakaribishi wageni jikoni.

Ndugu yako Ngazi hajambo? Bado anapanda nguzo? Mwambie nguzo si mke, asizikumbatie mpaka akasahau kuoa.

Barua nampa dereva wa lori la maziwa, maana simu huku haishiki mpaka upande kilima, na magoti yangu yamegoma tangu mwaka juzi.

Ni mimi mjomba wako,
Waziri wa Maji na Mwanga, asiye na ofisi


Chumba cha udhibiti, mjini, 7 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nimecheka mpaka msimamizi akaniuliza kuna nini kwenye ubao. Halafu nikaisoma mara ya pili, nikaacha kucheka.

Jumanne ile mlipaswa kuzimika. Najua inauma kukaa gizani na mto unapita mbele yako. Lakini lile sanduku halikuwekwa kukuonea. Laini ikikatika, mafundi hupanda nguzo wakiamini waya umekufa. Mtambo mdogo ukiendelea kusukuma umeme nyuma yao, waya uliokufa unakuwa hai, na wao hawajui. Sanduku ndilo linalozuia. Kwa hiyo nakuuliza, taa zenu zilibakije?

Nina sababu nyingine ya kuuliza. Siku ile ile, saa nane na nusu mchana, tulipigiwa simu na mlinzi wa kile kiwanda cha kuchambua pamba, kilichofungwa miaka kumi na moja iliyopita. Unakijua, kiko peke yake kule vilimani, laini yenu inapita ubavuni mwake. Alikuwa ananong'ona. Alisema, "Dada, naomba mniambie nani yuko ofisini kwa meneja." Nikamuuliza kwani kuna nini. Akasema taa ya mezani imewaka, na feni ya darini inazunguka, polepole, na mlango una kufuli, ufunguo anao yeye kiunoni. Nikamwambia haiwezekani, nchi nzima haina umeme. Akasema, "Ndiyo maana nauliza nani."

Nikatazama ubaoni. Tawi lenu lilionyesha limekufa. Lakini mshale wa mita yake ulikuwa unatikisika, kidogo sana, kama kifua cha mtu anayepumua usingizini. Msimamizi akasema mita ni kuukuu. Labda. Nimeutazama mshale ule dakika kumi nzima, Mjomba, na mkono ulikuwa umeniganda shingoni.

Nijibu kwa ukweli: sanduku ni zima?

Ngazi hajambo, anakusalimu. Anasema ataoa siku nguzo zitakapomwacha.

Mpwa wako


Bondeni, 13 Machi

Bibi Swichi, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba,

Sanduku ni zima kama yai. Nimekwenda kulitazama asubuhi hii kabla ya chai. Limetulia ukutani, limefunga mdomo, lina adabu kuliko watoto wa siku hizi. Mita yenu ndiyo inayohitaji miwani.

Ila habari ya kiwanda imeninogea! Juzi gridi ilipokatika tena asubuhi, nilimwachia Nesi mtambo auangalie, nikadandia lori la maziwa mpaka kiwandani. Nilitaka kumcheka mlinzi. Nilimkuta amekaa nje juu ya mzani wa pamba, ameupa ukuta mgongo.

"Imeanza?" nikamuuliza.

"Tangu saa tatu. Ingia mwenyewe, mimi nimeshamwamkia."

"Umemwamkia nani?"

"Sasa mzee, mimi nijue? Nasema shikamoo, halafu nakaa. Asipokuwa mkubwa kwangu, hasara ni ya kwangu."

Nikachungulia dirishani. Kweli, feni inazunguka. Si kwa kasi, hapana, inazunguka kama mtu anayefikiri. Meza ina vumbi nene la kuandikia jina. Kalenda ya miaka kumi na moja iliyopita iko ukutani, na kila feni ikipita, karatasi inainuka na kushuka, inainuka na kushuka, kana kwamba kuna anayetafuta tarehe. Taa ya mezani imewaka mchana kweupe, nyekundunyekundu, mwanga wa mtu aliyekesha.

Mlinzi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huwaka pale tu kwingine kote kunapozimika. Umeme ukirudi nchini, ofisi inakufa. "Kwa hiyo huyu," akasema, "umeme wake ni wa kule."

Nikamwambia lazima ni meneja wa zamani, alipenda upepo, amerudi kumalizia likizo. Nikamwambia pia amsalimie kwa niaba yangu na amuulize kama huko aliko kuna pamba. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mlinzi hakucheka.

Njiani kurudi, na mimi sikucheka. Sijui kwa nini nakuandikia hilo. Pengine ni barabara, lile lori halina springi.

Nesi anasema chanjo ni nzima, na juzi mama mmoja alijifungua kwenye mwanga. Mtoto wa kike, ana sauti kama honi. Weka hilo nalo kwenye ubao wako.

Mjomba wako,
Balozi wa Mizimu, kituo cha pamba


Chumba cha udhibiti, 19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Umeandika kurasa mbili za feni na mstari mmoja wa sanduku. Wewe ndiye uliyetulea baada ya Mama kufariki, nakufahamu. Ukisema kweli unasema kwa kifupi na kwa hasira. Ukiongopa unachekesha.

Nimejaribu kumweleza msimamizi. Amesema siwezi kumtuma mkaguzi siku nzima ya safari kwa sababu ya ndoto za mlinzi na mshale wa mita. Kwa hiyo nakuomba wewe, kama mpwa kwa mjomba wake, si kama kazi.

Alhamisi, tarehe 26, tawi lenu lote litazimwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Vikombe vya kushikilia nyaya vimepasuka na lazima vibadilishwe. Tangazo nimeliandika mimi mwenyewe, litasomwa redioni kila siku mpaka siku hiyo. Wanaopanda ni kundi la Ngazi. Yeye ataanza na nguzo ya thelathini na moja, karibu na kiwanda, saa nne.

Ngazi ni mwangalifu. Ana kile kifimbo cha kupimia, haushiki waya kabla ya kuugusisha nacho. Lakini nimewaona waangalifu wakisahau mara moja, na mara moja inatosha.

Siku hiyo funga maji mapema. Usilitegemee sanduku. Funga maji kwa mkono wako, piga kufuli, ufunguo utie mfukoni. Na kama kuna kitu umekifanya, kifumue kabla ya Alhamisi, sitakuuliza kitu gani. Mzaha mzaha hutunga usaha, Mjomba, ulikuwa unatuambia wewe.

Nampa dereva leo hii ili ikufikie wiki nzima kabla.

Mpwa wako


Bondeni, Alhamisi 26 Machi, saa saba mchana

Mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe 19 nimeipata saa moja iliyopita. Lori lilivunjika ekseli, limelala wiki nzima gereji, na barua yako imelala nayo ndani ya kiti cha dereva.

Nimelibana lile sanduku. Ndani lina ulimi wa shaba, gridi ikifa ulimi unaruka na kukata. Nimeubana ulimi kwa kibanio cha nguo cha marehemu mkaza mjomba wako, cha mbao, kina springi nzuri. Ni tangu mwezi wa pili. Siku ile nilipomwona meneja akizungusha feni yake nilijua meneja ni mimi: swichi kuukuu ya kiwanda inakata umeme mkali wa gridi, huu wangu dhaifu inaupitisha. Nilirudi, nikakishika kibanio nikitoe, nikafikiria friji ya Nesi, nikakiacha.

Tangazo nililisikia. Kinyozi aliongeza sauti ya redio ili watu wote wasikie, akaniuliza, "Mzee, na sisi Alhamisi tutakuwa gizani?" Nikajibu, "Giza ni la watu wasio na mjomba." Watu wakapiga makofi. Nilijua kuna watu watafanya kazi. Sikujiuliza watafanyia wapi. Katika kichwa changu walikuwa mjini, kwenye meza, kama wewe.

Sasa sikia. Leo saa nne na dakika kumi, saa ninaijua kwa sababu nilikuwa nikiitazama nijue muda wa chai, mtambo uliguna. Haukunguruma, uliguna, kama ng'ombe anayepigwa shoka. Taa zote bondeni zikawa nyekundu, nyekundu kama macho, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Halafu mkanda ukaruka kutoka kwenye gurudumu, ukanipita sikioni, kukawa kimya. Miaka ishirini na mbili sijawahi kusikia kimya kile. Nilisikia mpaka maji yakidondoka kwenye jani.

Nikasema moyoni, mkanda umezeeka. Nikatafuta misumari, nikauziba pale ulipochanika, huku nawatania watu waliokuja kuuliza. Ilipofika saa sita nilikuwa nimeushika mkanda kwa mikono miwili, nausogeza urudi kwenye gurudumu, maji yako wazi, dereva akapiga honi. Nikauweka chini ili nipokee barua.

Nimefunga maji. Nimepiga kufuli. Kibanio nimekitoa, kiko hapa mezani.

Mtambo wangu hauguni hivyo kwa jani wala kwa ndege. Kuna kitu kiliushika waya. Niambie ni kifimbo. Niambie Ngazi aligusisha kifimbo chake na mtambo ukaguna kwa sababu hiyo. Mimi si msomi, sijui kama kifimbo kinaweza. Niambie kinaweza.

Dereva anageuza lori sasa hivi.

Mjomba


Bondeni, 29 Machi

Mpwa wangu,

Dereva amerudi mikono mitupu. Amesema barua yangu aliiacha mlangoni kwa askari wenu. Nimemuuliza alipopita kiwandani aliona nini. Akasema aliona watu wengi na gari la polisi, hakusimama, maziwa yangeharibika.

Sijawasha mtambo. Watu wananiuliza, nawaambia mkanda. Hapa ndani ni kimya kile kile. Nimeanza kuongea na sanduku.

Niandikie hata neno moja. Lolote.

Mjomba


Kambi ya mafundi, 30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Ngazi hapa. Dada ameniambia nikuandikie upesi niko mzima. Hakusema kwa nini upesi, ana uso wa mtu aliyemeza kijiko. Wewe unajua mimi na kalamu, basi nivumilie.

Niko mzima. Ilikuwa nipande saa nne ila gari letu lilipata pancha mbili, na spea ilikuwa moja. Tukafika nguzo ya 31 saa tano na nusu. Chini ya nguzo tukamkuta mtu amelala. Nikadhani kalewa. Viatu kavivua, kaviweka vizuri ubavuni mwa nguzo, kimoja ndani ya kingine, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Viganja vyote viwili vilikuwa vyeusi. Alikuwa na gunia na koleo jipya. Mwizi wa nyaya, Mjomba. Hawa husikiliza matangazo yetu kuliko wateja.

Kilichonitoa jasho si yeye. Kwenye majani kulikuwa na kiredio chake kidogo, bado kinaongea. Tukiwa tumesimama pale kofia mkononi, kikasoma tangazo letu. "Wananchi mnaarifiwa kuwa laini hii haitakuwa na umeme kuanzia saa tatu asubuhi." Kikarudia mara mbili. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukizima.

Kamba yake ilibaki juu inaning'inia, polisi wakataka ishuke. Nikapanda mimi. Nikapima kwa kifimbo, kimya kabisa, waya umekufa. Ilikuwa saa sita kamili. Nilipoishika ile kamba, mikono miwili, bega limegusa waya, nywele za mkono zilisimama zote. Sikuelewa. Nikasikia kama mtu amevuta pumzi karibu nami na hajaitoa. Nikashuka mbio, na mimi sijawahi kushuka nguzo mbio.

Kundi zima linasema ni yule wa kiwandani kamla. Mimi siamini mizimu, ila ile nguzo simpandii mtu tena.

Hakuna anayemjua marehemu. Wamemtangaza, hajatokea wa kumdai.

Ngazi


Mjini, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 26 niliipata siku ya pili yake. Nilishindwa kujibu, ndiyo maana nikamtuma Ngazi.

Nimeisoma mara nyingi mno. Uliandika kwa kifupi na bila kuchekesha, nikajua kila neno ni kweli.

Nieleze nilipo. Ripoti imeandikwa na msimamizi: laini ilikuwa imekufa, mtu asiyejulikana alipanda kuiba waya, akaanguka. Weusi wa viganja wameuita uchafu wa koleo. Kila mtu ameridhika. Daftari la zamu la siku ile liko mbele yangu. Ilikuwa zamu yangu, na kwa saa nne na dakika kumi nimeacha nafasi wazi. Niliuona mshale, Mjomba. Uliruka, ukalala. Nikasema moyoni, mita kuukuu.

Yule mtu hakuwa mjinga. Alisubiri wiki nzima, akasikia sauti ya serikali ikimwambia waya umekufa, akaamini, akavua viatu, akapanda. Maneno aliyoyaamini niliyatunga mimi, hapa, kwenye kiti hiki kinachozunguka. Tangu siku ile nikiandika tangazo, mkono unasimama kwenye neno "haitakuwa".

Lakini nimefikiri. Nikiandika ukweli, watakuja kuubomoa mtambo, na wewe watakuchukua, kwa umri huo. Friji ya Nesi itategemea gridi peke yake. Ngazi atajua kwamba saa sita ile maisha yake yalining'inia kwenye honi ya lori. Na kwa ajili ya nani? Mwizi, hana jina, hana wa kumlilia. Hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo nyamaza. Wewe unajua kucheza na maneno, cheza nayo mara hii. Ukiulizwa, mkanda ulichanika. Mimi nitaijaza nafasi kwa neno "kawaida", barua yako nitaichoma, na wanaosema ni mzimu tuwaache waseme.

Mpwa wako


Bondeni, 9 Aprili

Mpwa wangu Bibi Swichi,

Umechelewa. Nimeshasema. Kaa chini nikueleze, maana hata mimi nilihitaji kukaa.

Jumatatu nilikwenda na lori mpaka hospitali walikomweka. Nikamwambia yule wa chumba cha maiti nataka kumwona. "Wewe ni nani wake?" Nikasema, "Tulishikana mkono mara moja." Akanifunulia. Ana miguu mikavu, imepasuka kisigino, kidole kidogo cha kushoto kimekunjwa na kiatu kidogo. Umri wa Ngazi, labda miaka miwili zaidi. Nilisimama pale nikijaribu kukumbuka kile nilichokuwa nikiwaza saa nne na dakika kumi. Chai. Nilikuwa nawaza chai.

Nikatoka, nikaenda moja kwa moja polisi. Askari wa zamu alikuwa anamenya chungwa.

"Mzee, shida?"

"Nimeua mtu."

"Yupi?"

"Yule wa nguzo."

Akanitazama, akaniuliza nilimuuaje. Nikamwambia kwa kibanio cha nguo. Nilikuwa nacho mfukoni, nikakiweka juu ya meza yake. Bibi Swichi, alicheka mpaka chungwa likamkwama. Akamwita mwenzake. Mwenzake akatoka, akanitambua: "Si yule mzee wa bondeni aliyemwambia mkaguzi mto ulizaliwa siku moja na yeye? Aliyesema ameiwasha nchi nzima peke yake?" Wakanipa kipande cha chungwa. Wakaniuliza kama nimeua na wengine. Nikaanza kueleza ulimi wa shaba, sanduku, waya, mmoja akasema, "Endelea mzee, leo umenoga," na hapo nikajua nimekwisha. Nikisema polepole wanacheka, nikipandisha sauti wanacheka zaidi. Wakanisindikiza mpaka kwenye lori, wakanibebea na kofia.

Nikapitia kiwandani. Mlinzi amekaa ndani sasa, ofisini, kwenye kiti cha meneja, anatazama juu. Tangu nilipokitoa kibanio, gridi imekatika mara tatu na feni haijasogea. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Mzee, usijipe makubwa. Huyu aliyekuwa hapa alikuwa anaitikia salamu zangu." Nikamwambia hapakuwa na mtu. Akasema, "Alikuwepo. Alikuwa anamngojea mwenzake, na mwenzake amefika." Akainuka, akapangusa vumbi pembeni mwa meza, pembe moja tu, ya kukaa mtu. Nikaondoka, sikugeuka nyuma.

Ngazi nimemwandikia mwenyewe, pamoja na habari ya mkanda na saa sita. Ni haki yake kujua ile pumzi ilikuwa ya nani.

Nesi naye nimemwambia. Akasema tutafute sanduku la barafu, na kwamba tuwaombe wenzenu betri ya kuilisha friji peke yake, bila kugusa laini. Amesema zipo. Kumbe zipo! Tangu mwaka jana hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa nashindana na gridi, ninyi mlikuwa mnaniagiza nizimike, na katikati yetu kulikuwa na betri ya ukubwa wa beseni.

Sasa, barua yako. Usiichome yangu. Unasema hana wa kumuulizia. Mimi namuulizia. Mambo mengi nimeyapamba maishani, ila hili silipambi, na sitaki mzimu wa pamba unipokonye. Wakija kubomoa, wabomoe. Wakinichukua, huko nako watakuwa na taa mbovu.

Tatizo ni kwamba mimi siaminiki na wewe unaaminika. Neno lako likisomwa redioni, mtu anavua viatu. Basi nisikilize. Ulipokuwa darasa la tatu ulirusha jiwe likavunja kioo cha ofisi ya mwalimu mkuu. Walitaka kukufukuza shule. Nilikwenda pale, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema ni mimi, nilikuwa namfukuza kunguru. Waliniamini pale pale. Nikalima shamba la shule Jumamosi nne, na hujawahi kunilipa, na mimi sijawahi kukudai.

Leo nadai. Sitaki kikubwa, nataka mstari mmoja. Pale ulipoacha nafasi wazi usiandike "kawaida". Andika kwa mkono wako, kwa wino: "Saa nne na dakika kumi, laini haikuwa imekufa. Aliyeiwasha ni mjomba wangu, kwa kibanio cha nguo." Halafu tia sahihi, unipelekee kwa msimamizi.

Mjomba wako